Jibu la Pande Mbili

Ramsakhi alimuuliza shemeji yake kama dengu zimekolea chumvi. Shemeji akaacha kutafuna, akatazama dari.

"Kwa upande mmoja zimekolea," akasema Bipin. "Kwa upande mwingine, ukifikiria presha ya mama, ingefaa chumvi ipunguzwe. Cha msingi ni kupata uwiano."

"Nimekuuliza chumvi, Bipin."

"Ndiyo nakujibu, shemeji."

Ramsakhi akamwondolea sahani kabla hajamaliza. Tangu kijana huyu ashuke kutoka Delhi nyumba nzima ilikuwa haipati jibu la maana. Mama yake alimuuliza kama yuko tayari kuoa, akaambiwa kuhusu changamoto na fursa. Jirani alimletea kesi ya nyati wa kufugwa aliyekula mboga za watu, naye akamweleza jinsi mataifa yanavyogawana maji ya mito bila kupigana. Jirani alikwenda zake na hasira zake, na nyati akarudi kwenye mboga jioni ile ile.

Si kwamba Bipin alikuwa mjinga. Ubaya ni kwamba alikuwa na akili, na akili hiyo aliitumia yote kwenye mtihani mkubwa wa kuajiri maofisa wa serikali. Miaka mingi aliishi Delhi kwenye chumba kisicho na dirisha, ukuta mzima ramani, akisoma magazeti mpaka macho yakawa mekundu. Alijua mikutano ya viongozi wa dunia, nani alimkumbatia nani na nani alinuna. Alijua sheria za misitu, za moshi na za mifuko ya plastiki. Mradi wa serikali alioukariri Januari ulikuwa ukibadilishwa jina Machi, basi anafuta kichwani na kuanza upya. Umri unaoruhusiwa ulikuwa unamwishia, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alifaulu maandishi. Ulibaki usaili tu, huko huko Delhi, mwezi ujao.

Kwa huo usaili, mwalimu wake alimfunza kanuni moja. Mtahini hataki mtu mwenye upande. Kila swali lijibiwe pande zote mbili, halafu umalizie kwa matumaini. Bipin aliizoea kanuni hiyo mpaka ikaingia kwenye chakula.

Haya yote Ramsakhi angeyavumilia, maana kumtania mdogo wa mume ni haki yake na alimtania vya kutosha. Lakini safari hii kulikuwa na jambo la bwawa.

Bwawa la Harsinghi ndilo lililowalisha akina Sahni, ukoo wa mumewe, tangu enzi za babu. Mumewe, Jogindar, huzamia humo akikusanya makhana, zile mbegu nyeusi za yungiyungi lenye miiba zinazolala kwenye tope la chini. Ramsakhi huzikaanga, na zikiwa bado za moto huzipiga nyundo ya mti mpaka zipasuke, nyeupe kama bisi. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kazi hiyo, na Bipin alisomeshwa na viganja hivyo. Sasa kampuni moja ilitaka kulifukia bwawa ijenge maghala. Serikali ilikuwa na nia ya kuipa ardhi, ila sheria ilitaka wananchi wasikilizwe kwanza, na ofisa wa wilaya alikuwa anakuja siku hiyo kuwasikiliza.

Wavuvi wa bwawa hilo walikubaliana aseme mtu mmoja kwa niaba ya wote, ili wasikatane maneno mbele ya mkubwa. Nani tena kama si Bipin? Ramsakhi alimshika mkono mlangoni.

"Nakuomba useme kitu kimoja tu. Hatutaki bwawa lifukiwe. Basi, ukae chini."

"Nimekuelewa, shemeji."

"Umenielewa upande gani?"

Bipin akacheka. Ramsakhi hakucheka.

Chini ya turubai palipangwa viti vya plastiki na chai ikapita. Kampuni ilileta picha kubwa ya maghala, yamezungukwa na miti mizuri ambayo hakuna aliyeijua. Ofisa, Mheshimiwa Ritvik Nandan, alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, miwani safi, sauti ya upole. Akamkaribisha msemaji wa wananchi.

Bipin alisimama akaanza na katiba. Kutoka hapo akapanda mpaka kwenye mikutano ya tabianchi ya nchi za mbali, akashuka Nepal kwenye chanzo cha mafuriko, akasifu makhana zinazouzwa ng'ambo. Ramsakhi akaanza kupumua. Halafu akamsikia akisema, "Hata hivyo." Baada ya neno hilo zikaja ajira za vijana, barabara, umuhimu wa maghala kwa mkulima. Maendeleo na mazingira, alisema, ni magurudumu mawili ya mkokoteni mmoja. Akapendekeza miti ipandwe, kamati iundwe, vijana wa kijiji wapewe kipaumbele, na sote tusonge mbele kwa pamoja. Aliuma na kupuliza mpaka hukujua kama ameuma.

Watu walipiga makofi. Jogindar mwenyewe alipiga makofi, macho yamelowa, kwa kumwona mdogo wake akisema mbele ya wakubwa bila kukwama. Ramsakhi aliona haya na hasira kwa pamoja, mikono yake ameikalia.

Mheshimiwa alimuuliza Bipin amesoma wapi. Kumbe walipita mtaa mmoja, na kwa mwalimu yule yule.

"Jibu zuri sana," akasema. "Ningekuwa mtahini ningekupa alama zote."

Bipin akang'aa uso mzima. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, karani akasimama kuwasomea wananchi muhtasari wa walichosema. Akasoma kwamba wananchi, kupitia msemaji wao, hawana pingamizi na mradi, kwa masharti kwamba miti ipandwe na vijana wapewe ajira.

Jogindar aliuliza ni nani aliyesema hivyo. Karani akaelekeza kalamu kwa Bipin, na shingo zote zikageuka.

"Mheshimiwa," Bipin akasimama tena, "mimi sikusema hatuna pingamizi."

"Ulisema mnalo?"

Ramsakhi alimwona Bipin akirudi kwenye hotuba yake kichwani, akiipekua tangu katiba mpaka kamati, akitafuta mahali alipokataa. Hapakuwepo. Njia mbili zilimshinda fisi, na huyu hakuwa na miguu ya fisi.

Ramsakhi akaenda kumsimamia ubavuni. Alimwambia kwa sauti ya chini aseme lile neno alilotumwa. Bipin alikuwa anatoka jasho.

"Shemeji, usaili ni mwezi ujao. Watauliza habari zangu wilayani hapa hapa. Nikiandikwa mpinzani wa serikali, miaka yote hiyo..."

"Na kaka yako mwezi ujao atazamia wapi? Ghalani?"

Ramsakhi alijua anachomwomba. Ile kazi waliingoja nyumba nzima, mama mkwe aliifungia siku za kufunga, yeye mwenyewe aliiwaza kila alipoinua nyundo. Angeweza kumwambia akae, waende nyumbani na kazi yao, bwawa liende. Wazo lilimpitia kweli, na alilichukia.

Mheshimiwa alitazama saa yake.

"Kijana, nikitaka kurekebisha lazima nijue narekebisha nini. Mradi mnautaka au hamuutaki?"

"Mheshimiwa, kwa upande m..."

Ramsakhi alimkanyaga mguu, kisigino chote.

"Hatuutaki," akasema Bipin.

"Kwa masharti gani?"

"Bila masharti. Hatuutaki."

Tabasamu la Mheshimiwa liliondoka. Akapumua kwa kuchoka, akasema msemaji alishasema na muhtasari umeshasomwa, hawezi kugeuza kauli ya kijiji kizima kwa sababu mtu mmoja amebadili mawazo. Angeandika tu kwamba mtu mmoja amepinga. Kisha akainama mbele, na ile sauti ya upole ikarudi, akimsemesha Bipin kama mdogo wake wa shule.

"Nitahitaji jina kamili. Una usaili, sivyo? Fikiri kidogo."

Bipin alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu kijana arudi, Ramsakhi alimwonea huruma. Alimlea huyu tangu akiwa na kamasi. Alitaka kumziba mdomo kwa kiganja, na alitaka aseme.

"Bipin Kumar Sahni," akasema. Karani alikuwa anaandika pole pole, naye Bipin akamtajia tena, jina baada ya jina, mpaka kalamu ikasimama.

"Haya," akasema Mheshimiwa. "Amepinga mtu mmoja."

"Wawili," akasema Ramsakhi. "Ramsakhi Devi."

Karani akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akavua miwani, akajifuta macho. Jogindar akasema jina lake akiwa bado amekaa. Nyuma yake mzee mmoja akajikohoza na kutaja la kwake na la baba yake, halafu na la mkewe, na viti vikaanza kusogezwa. Karani akaomba karatasi nyingine.