Usingizi wa Badru

Siku Badru alipoletwa chumba cha kusafisha damu na kukalishwa kiti cha jirani, Hanifa alimshukuru Mungu kwa sauti. Wagonjwa wenzake wakadhani amefurahi kumwona kaka yake. Kufurahi alifurahi kweli, ila furaha yenyewe hawakuijua.

Huyu Badru, mwenye duka la vitenge sokoni Kyela, ndiye aliyepimwa zamani ikaonekana figo yake inamfaa dada yake. Akaahidi kuitoa mbele ya ukoo mzima, machozi yanamtoka, damu nzito kuliko maji. Alfajiri ya safari ya kwenda Dar kwa upasuaji, Hanifa alisimama stendi na begi lake. Anapiga simu, inaita, haipokelewi. Basi likaondoka. Mchana Badru akajitokeza akijikuna kichwa: "Usingizi ulinipitia, dada'angu. Usingizi ni nusu ya mauti." Safari ya pili akasingizia duka, ya tatu akasingizia mke, mwisho watu wakachoka kumwuliza. Hanifa akabaki na mashine. Na ile figo aliyoibania, presha ikaja ikaila pamoja na ile ya pili. Malipo ni hapa hapa duniani, na Hanifa hakuona haya kulisema.

"Mugonile?" Sista Neema aliwaamkia kila walipofika, salamu ya Kinyakyusa inayouliza kama watu wamelala. Walale wapi? Ngozi inawasha, miguu haitulii, usiku hauishi. Sista akawaeleza kuwa mwilini mna kichocheo kiitwacho melatonini, hutoka giza likiingia, kikauambia mwili saa ya kulala imefika. Figo zikishaharibika, nacho hupungua.

"Nani apewe vidonge, hiyo ni kazi ya daktari," akasema. "Ila mkisinzia hapa mchana kutwa, usiku mtahesabu mabati. Kila mtu amwangalie jirani yake. Akisinzia, mwamshe."

Jirani wa Badru alikuwa Hanifa.

Badru hakuyasikia hayo; mashine hazijakolea, kichwa chake kimeshaanguka, mdomo wazi. Upande wa pili Mzee Hezekia, mvuvi wa Itungi, alikuwa akimfinya mwenzake bila huruma. Hanifa akanyoosha mkono usio na sindano, akachukua khanga yake, akamfunika kaka yake mpaka shingoni.

"Punguzeni sauti jamani," akasema. "Kaka yangu apumzike."

Ukawa ndio mtindo. Sista akipita na kuuliza, anajibiwa kwamba kaka ndiyo kwanza kafumba jicho, ataamshwa sasa hivi. Watu wakamsifu Hanifa mpaka sokoni. Habiba, mke wa Badru, alimfuata akamshika mikono yote miwili.

"Wifi, una moyo. Yote aliyokutendea, nawe unamfunika kama mtoto!"

"Ndugu ni ndugu, wifi."

"Sasa mbona nyumbani halali kabisa? Anazunguka uani mpaka kuku wanaamka. Mchana dukani anagombana na wateja, anasahau hata bei ya kitenge. Amekuwa mtu wa kulia lia."

"Pole, wifi yangu," Hanifa akasema, na utamu ukamteremka kooni.

Tena kulikuwa na la ziada. Kuulinda usingizi wa Badru kulimfanya yeye akae macho mchana kutwa, na usiku kichwa kikigusa mto, analala fofofo. Kisasi kilimkaa mwilini vizuri kuliko dawa yoyote.

Mpaka siku moja Badru akaamka wakati anachomolewa sindano, macho mekundu kama pilipili.

"Mzee Hezekia kaniambia. Kumbe ulitakiwa kuniamsha."

"Nilitakiwa."

"Sasa kwa nini, Hanifa?"

"Siku ile nilikupigia simu mpaka chaji ikaisha, hukuamka. Nikajua wewe ni mtu usiyeamshika."

Badru akainama. Akaiminya pamba pale ilipotoka sindano.

"Sikulala siku ile," akasema. "Nilikaa kitandani, simu inaita mkononi mwangu. Niliogopa kisu, dada'angu. Nisamehe."

Neno hilo Hanifa alikuwa amelingoja miaka yote. Alidhani likitamkwa litamtua mzigo. Limetamkwa, naye akaiona tu simu inaita, na mtu yuko macho anaitazama. Hasira ikampanda mbichi kabisa, kana kwamba basi ndiyo kwanza limeondoka.

"Niamshe, nakusihi," Badru akasema. "Usiku unaniua. Niahidi."

"Naahidi," Hanifa akajibu, na machozi yakamtoka, mbele ya chumba kizima.

Siku yao ilipofika tena, walikalishwa viti vile vile. Kope za Badru zikaanza kulegea. Akapigana nazo, akageuka kumtazama dada yake, naye akamwitikia kwa kichwa. Badru akatabasamu, akajiachia, maana ameahidiwa na damu yake. Hanifa akangoja mpaka koromo la kwanza likasikika. Kisha akaikunjua khanga, akamfunika mpaka shingoni.