Chungu Kitupu Kichwani

...na chungu chenyewe kitupu, hata tone la maji hakina, bwana mwenye kaptura nyeupe ameagiza hivyo, wanawake waingie na vyungu vitupu maana maji yatamwagikia sakafu yake inayong'aa, sakafu ya Jumba la Pwani, jumba hili hili tuliloliona kule Tabora kwenye kalenda dukani kwa Omari, mnara mweupe na bandari mbele yake, nikawa nasema moyoni siku nikifika Dar es Salaam nitalia, kumbe silii, nina hasira mpaka meno yananiuma, tumepangwa mlango wa nyuma karibu na jiko tunasubiri kengele tuingie kuwaimbia wakubwa, na kaka yangu Justus anapita na karatasi akinong'ona majina ya wapagazi wa wimbo wetu, kumi na moja, kumi na moja, la kumi na mbili umelipeleka wapi, Justus? Jana kwenye treni ndipo alipotuambia, na mahali pa kusemea alipachagua, tumeshaipita Dodoma, tunakata nchi ile kavu ya Marenga Mkali yenyewe, ndipo anasafisha koo kama yuko darasani, ndugu zangu, tumepewa dakika saba tu, jina la bibi tutaliacha, hakuwa mpagazi, na wazungu hawatajua. Hawatajua! Na mimi je? Bibi Kashindye amelala palepale nje ya dirisha, na mjukuu wake anamfuta kwa kalamu...

Baba alikuwa mtoto wa miaka mitano, ameshika nguo ya mama yake, wanaume mbele na pembe za ndovu, bibi nyuma na vyungu vitatu na unga wa kambi nzima kichwani, nani alikula bila unga ule? akaanguka Marenga Mkali, maji hakuna, msafara hausubiri mtu, babu akamfukia kwa mikono na kumpakia baba juu ya pembe. Siku maji ya pwani yalipoonekana, mizigo ingali vichwani, kiongozi akaita majina ya waliobaki njiani, mmoja mmoja, na wenzao wakajibu, Amefika, ndiyo desturi, asiyeitwa maji yakionekana bado anatembea, na mzigo wake hajautua. Akaita kumi na moja, akanyamaza, babu akasema, na mke wangu, kiongozi akamjibu, vyungu si mzigo. Vyungu si mzigo! Basi ajaribu kuvibeba, hiki kimoja kitupu shingo yangu tayari...

"Eustadia, simama wima," ananiambia Justus, "wakubwa wameshakaa."

Nimesimama wima tangu saa nane, kaka, na baba alimwimba bibi kila Jumapili baada ya misa, jina lake likiwa la mwisho, la kumi na mbili, lakini Tabora tuna visima, bahari hatuna, hivyo alipokuwa anakufa akasema ninyi mkifika mwiteni, na Justus ndiye aliyekuwa ameshika mkono wake, akasema ndiyo, baba, nilimsikia kwa masikio yangu, ndiyo, baba, na leo wale kumi na moja ambao walishaitwa, walishafika zamani, wanaitwa tena ili wapigiwe makofi, na yule mmoja anayetembea mpaka leo anakosa nafasi katika dakika saba... sasa askari anamfokea mzee Limbu, mpiga ngoma wetu, ambaye ameokota karatasi za programu na kuziwasha, anaipasha ngozi ya ngoma, "Zima moto huo, mzee!" na Limbu hata hamtazami, "Ngoma baridi hailii, mwanangu, ukitaka nizime, kaipige wewe," wenzangu wanacheka, ningecheka na mimi, lakini nawaza nikiingia nitapiga kelele, nitaliita jina mbele ya wakubwa wote, Justus aaibike, afukuzwe ualimu, na iwe hivyo, nachungulia penye pazia nipate pa kusimama... na ndani ni giza. Mapazia meusi kutoka juu mpaka chini. Viti vyote vimeipa bahari mgongo. Wamejenga jumba mdomoni mwa maji, halafu wakaziba madirisha, humo hakuna anayeyaona maji, basi humo hakuna anayefika, hata Justus angeimba majina mia, na mimi mjinga tangu jana nalilia nafasi ya bibi gizani, nimwombee ruhusa kwa mtu wa kaptura... Nageuza shingo polepole kwa sababu ya chungu. Kati ya ukuta wa jiko na winchi ya kupakulia mizigo kuna kipande cha maji, si kikubwa, kina mafuta ya meli juu yake, lakini ni maji ya pwani.

"Kashindye binti Masolwa."

Sauti imetoka ndogo, ya kitoto, hakuna aliyegeuka, na sasa naogopa kuliko nilivyokasirika, maana anayeita hawezi kujijibu, na jina likikosa wa kulijibu... anayetembea anaambiwa nini, arudi? Moto wa karatasi unazimika, mzee Limbu anaipuliza majivu ngozi ya ngoma, anaigonga mara moja kwa kidole, na bila kuinua kichwa anasema,

"Amefika."

Nakishika chungu kwa mikono miwili, nakishusha, nakiweka chini penye saruji. Kumbe shingo inaweza kuwa nyepesi hivi, bibi, miaka yote hii.

"Beba chungu chako, Eustadia," anasema Justus, "kengele italia sasa hivi."

"Nimeshatua, kaka."

Anakitazama chungu, anayatazama maji, na kengele bado haijalia.