Jumamosi Bila Refa

Tangu umeme upande bei na kinyozi naye apandishe yake, Refa hakutia tena mguu saluni. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mteja wa kwanza kila Jumamosi, na nywele zenyewe, tuseme ukweli, zilikuwa za dakika kumi tu. Saa mbili zilizobaki zilikuwa za mdomo. Aliamua ubishi wa mpira, wa ndoa za watu, hata wa mvua itanyesha au la, na akishaamua, basi, hakuna rufaa. Ndiyo maana wakamwita Refa, ingawa kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya kiwanda cha sabuni, ambacho siku hizi kilimwita siku tatu tu kwa wiki.

Wateja wengine nao walipungua, lakini hao kinyozi hakuwa na hamu nao. Hamu ilikuwa ya huyu mmoja. Watu wakianza kubishana, aligeuka kutazama benchi la dirishani, halafu akakumbuka.

Na kosa alilifanya mwenyewe. Alimtuma jirani akamwambie Refa aje anyolewe bure. Jirani akarudi na jibu: "Anakushukuru, ila amesema kichwa chake hakijafikia kunyolewa kwa sadaka."

Siku chache baadaye akamwona barabarani, kofia mkononi kwa sababu ya joto. Mkewe alikuwa amemnyoa kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Kichwa kizima kilikuwa ngazi ngazi, na nyuma ya sikio moja kimebaki kichaka ambacho mkasi haukukiona. Refa alipomwona rafiki yake, akavaa kofia haraka, akavuka upande wa pili, akajifanya anasoma tangazo ukutani. Tangazo lenyewe lilikuwa la mwaka jana. Siku nyingine kinyozi angecheka hadi mbavu zimuume. Siku hiyo alitaka kulia, mtu mzima na ndevu zake.

Jumamosi iliyofuata alifunga saluni asubuhi, akaenda kwa Refa na nywele zake za mwezi mzima. Aliwakuta uani, mke anaanua nguo, mume ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Refa akainuka kutafuta kofia.

"Kaa, sikukujia wewe," kinyozi akasema. "Nimemjia shemeji. Nasikia ana mkasi."

Mke wa Refa akashika mdomo. "Shemeji, una wazimu? Mimi nikunyoe wewe? Kwani hukuona nilichomfanya mwenzako?"

"Nimekiona. Nami nataka hivyo hivyo."

Refa akaacha kutafuta kofia. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu hadi katikati ya ua, mwenyewe akageuza ndoo na kuikalia.

"Ubaya wa mama huyu," akasema, "haelekezwi."

Ilikuwa sauti ile ile. Hapo hapo akadakia penalti ya juzi, kwamba haikuwa penalti, na anayesema ilikuwa akapimwe macho. Kinyozi akaketi kwenye kigoda, akafumba macho kwa furaha. Shemeji akamfunga kanga shingoni, akauliza apunguze kiasi gani.

"Utakavyo, shemeji," kinyozi akasema. "Ila usimalize mapema."