Mtumbwi Juu ya Matope

"Odi! Nani iko hapa?"

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bwawa letu, chupa ya plastiki mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini. Mimi nilikuwa nafunga utepe mweupe kwenye mtumbwi. Jumamosi ile dada yangu Séphora angevushwa ndani yake pamoja na mumewe, na mimi ndiye niliyechaguliwa kupiga kasia.

"Weye ni mutoto ya Papa Anaclet?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umuambie papa yako tunamushukuru kwa chai. Lakini siye hatukuomba, na haina hata sukari."

Akanipa chupa. Maji yalikuwa ya kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Jina lake Emérance, ila wote walimwita Mama Joëlle. Alikuwa amekimbia vita kutoka Aveba, akapata chumba bondeni chini yetu, na alikuwa akifua nguo za watu katika kijito kinachoanzia kwenye mguu wa ukuta wetu. Sasa mashati meupe yalikuwa yakitoka majini na rangi ya mkeka. Alidhani ni ng'ombe wetu wanaochafua. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nikashuka naye. Katikati ya majani palikuwa na mahali ambapo maji yalivuja tangu zamani. Kila ukuta wa udongo hutoka jasho. Likiwa safi, mtu hulala usingizi wake. Lakini tundu lile lilikuwa limepanuka, na pembeni mwake kimekua kichuguu laini cha tope. Udongo ule haukutoka bondeni. Ulitoka ndani ya ukuta.

"Ni ng'ombe?" aliuliza.

"Hapana, mama. Maji inakula ukuta ndani kwa ndani."

Nyuma yake niliona mabati ya nyumba zao, na moshi wa maharagwe. Nikamweleza kwamba lazima bwawa lipunguzwe kabla ya mvua kubwa, tena polepole, na kwamba wiki nzima kijito kingekuwa kichafu kuliko sasa.

Akaitazama chupa mkononi mwangu, akauliza, "Na robe ya Joëlle?"

Binti yake alikuwa apokee komunyo ya kwanza Jumapili. Robe yenyewe, gauni jeupe, ilikuwa ya kuazima, na ilikuja na madoa ya sherehe za wengine.

"Jumamosi nitakuletea maji safi, mama. Mimi mwenyewe."

"Watu ya masomo," alisema, akiangalia pembeni, "munajua kuahidi."

Baba yangu alitoka Butembo na mzigo wa vitenge, akauza sokoni Nyakasanza hadi akapata duka. Mwaka ambao milio ya risasi ilisikika kutoka milimani, yeye alinunua bonde na kuanza kuliziba. Watu walimcheka. Bwawa la nini, kama si la kumwagilia wala la kuuza samaki? "Mu Bunia hii," alijibu, "watu wanahitaji fasi moja maji inakaa kimya." Na kweli walikuja. Jumapili baada ya misa, familia zilikaa chini ya vibanda vya nyasi, na watu wazima waliangalia bata kwa muda mrefu bila kusema neno.

Ila aliwapenda mno samaki wake. Mvua zilipoanza kuwatoa kupitia mfereji wa kumwagia maji ya ziada, alifunga chandarua cha mbu mdomoni mwa mfereji. Samaki wakabaki. Majani nayo yakabaki, na maji yakapanda karibu na ukingo, yakiusukuma ukuta mchana na usiku.

"Ingénieur yangu," aliniambia siku ile nilipomweleza habari ya tundu, "ngoja mupaka Jumatatu. Ukuta imesimama miaka yote hii."

"Papa, kuja uguse."

Alishuka na viatu vyake vya dukani. Akatia vidole kwenye tundu, akavisugua taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Hii ni udongo ya kule kilimani," alisema mwishowe. "Niliibeba na kichwa."

Akapanda juu, akatoa kisu, akakikata chandarua mwenyewe.

Nililifungua kidogo kidogo bomba la kutolea maji lililo chini ya ukuta, kwa sababu ukuta uliolowa huporomoka maji yakiuacha ghafla. Séphora alikuja kuangalia bwawa likishuka.

"Mudogo, diplome yako ilishindwa kungojea ndoa yangu?" alisema. Baada ya hapo hakunisemesha hadi siku ya harusi.

Jumamosi bomba la mtaa halikuwa na maji asubuhi yote. Yalikuja wakati tunatoka kanisani. Nilikuwa nafunga mabidoni ya maji kwenye moto, pikipiki ya baba, na gari la maharusi likapita likipiga honi. Séphora akatoa kichwa dirishani, shela ikipepea.

"Fiacre! Picha!"

"Muanze! Niko nakuja!"

Nilijua sitawahi. Njia ya bondeni ilikuwa utelezi na moto haikuweza kushuka, kwa hiyo niliyabeba mabidoni begani, moja baada ya jingine, nikiwa nimevaa suti yangu ya harusi. Mama Joëlle alikuwa amekaa mlangoni, beseni tupu mbele yake. Aliangalia viatu vyangu, kisha suruali.

"Ingénieur, ni weye ulioa leo, ao ni matope ndiyo ilikuoa?"

Akamimina maji, na kupitia maji nikaona maua yaliyochorwa kwenye kitako cha beseni.

Mvua kubwa ilinyesha Jumatatu. Ilijaza sehemu ya chini ya bwawa, ikaishia hapo. Sijui kama ukuta ungevunjika, na sitajua kamwe. Kiangazi tuliuchimba na kuushindilia upya, na siku hizi maji hukaa chini kuliko zamani. Watu bado huja Jumapili.

Picha ya harusi iko sebuleni kwa baba. Ilipigwa kutoka kilimani ili wote waenee. Séphora amesimama ndani ya mtumbwi, mtumbwi uko juu ya matope, na anacheka mdomo wazi, viatu mkononi. Mumewe anajifanya anapiga kasia langu. Wageni huuliza yuko wapi yule mtoto mwanaume.

Baba huinuka na kuweka kidole kwenye pembe ya picha, nyuma ya ukuta, mbali bondeni. Pale, mbele ya nyumba ya Mama Joëlle, kuna kitu cheupe juu ya kamba ya nguo, kidogo kama punje ya mchele.