Bustani ya Dorotea

Paskazia hakupanda pantoni kutoka Sengerema ili kutalii. Kutalii ni kazi ya wenye nafasi, na mwalimu wa shule ya msingi mwaka ule wa tisini na sita hakuwa na nafasi hata ya kuumwa. Alikuja kuiona nyumba ya marehemu baba yake, mshairi Ndalahwa, ambayo hakuikanyaga tena tangu abebwe mgongoni kutolewa humo akiwa mtoto mchanga. Alikuja na swali moja tu: mama yake, Dorotea, alikwenda wapi?

Kwao Sengerema swali hilo lilikuwa na jibu, nalo lilitolewa kwa kubetua midomo. Dorotea alimkimbia mumewe, akafuatana na karani wa pamba, wakavukia Uganda. Mtoto akamwacha. Bibi aliyemlea Paskazia alikata roho akisema hivyo hivyo, na Paskazia akakua akimchukia mama huyo kwa moyo wake wote. Na mtu ukimchukia namna hiyo humsahau ng'o. Unamtafuta kila siku katika nyuso za watu sokoni.

Nyumba ilikuwa ya mawe, juu ya mwamba kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza. Mwenyewe alipofariki iliachiwa popo, mpaka zilipoingia hizi siku za ruksa, kila kitu kikapata mnunuzi. Bwana Akbarali, mfanyabiashara wa mjini aliyependa mashairi kuliko wengi wanaojidai wenye lugha, akainunua, akaipaka chokaa, akaifanya makumbusho. Sasa watu walikuja Jumamosi, wamevaa vizuri, kuangalia kitanda cha marehemu. Kitanda! Kana kwamba kwao wanalala juu ya miti.

Aliyewatembeza aliitwa Elias, kijana mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Paskazia hakumwambia yeye ni nani. Akajichanganya na wageni wengine, akaangalia meza, kofia, fimbo. Chumbani mwa mshairi akashtuka. Dirisha la upande wa ziwa lilikuwa limezibwa kwa mawe na saruji. Limebaki moja tu, dogo, linalotazama bustani.

"Marehemu alipenda sana maua," Elias akasema. "Kila siku alikaa hapa dirishani mpaka giza liingie. Hakutaka kuona kitu kingine."

Wageni wakatikisa vichwa kwa mahaba. Paskazia akarudi kwenye dirisha lililozibwa, akaigusa saruji.

Kisha Elias akawasha kinasa sauti, ikatoka sauti ya Ndalahwa mwenyewe, nzito, isiyo na haraka. Ukutani, ubeti ule ule uliandikwa kwa herufi kubwa:

*Wauliza kwa ukali, Dorotea mke wangu,*
*Nimempa na mahari, ndiyo bustani yangu,*
*Hawezi kufika mbali, wala kwenda kwa mwenzangu.*

"Mnasikia?" Elias akasema kwa fahari. "Kwenye kanda anatamka 'mahali'. Ndiyo ulimi wetu wa Kisukuma, R zote zinageuka L! Ukutani tumemsahihishia. Bustani nzima alimpa mkewe iwe mahari. Na mke mwenyewe akamkimbia."

"Jamani, wanaume wa zamani!" mama mmoja akaguna, akajifuta jicho.

Paskazia hakuguna. Amefundisha Kiswahili miaka mingi, na sikio lake halilali. Ukali, mahali, mbali: vina vimekaa sawa. Tia 'mahari' hapo, ubeti unavunjika mguu, na Ndalahwa hakuwa mtu wa kuvunja ubeti. Tena lile jina. Kwenye kanda alisema "Dorotea", R imesimama wima, hakusema "Dolotea". Mtu huyu R aliiweza vizuri sana. Basi alisema alichosema. Nimempa na mahali.

Wenzake walipokwenda barazani kunywa soda, yeye akashuka bustanini peke yake.

Kulikuwa kimya kibaya. Juu ya ziwa wingu la wadudu lilikuwa limeinuka kama moshi, linasogea nchi kavu polepole. Maua yalipandwa kwa mistari, yamepaliliwa vizuri, isipokuwa kona moja karibu na ukuta, chini ya lile dirisha dogo. Hapo mimea ilikuwa imesongamana, mizito, mibichi kupita kiasi, na haikuguswa na jembe.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando yake na panga mkononi. Ni Mihayo, mdogo wake Ndalahwa, aliyebaki kuitunza bustani tangu enzi hizo.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba. Kalibu, mama. Huku wageni hawaji."

"Nimesikia ule ushairi. Eti marehemu alimpa mkewe mahari, au mahali?"

"Mahali," mzee akasema, na hapo ungejuaje? Ulimi wake haukuwa na R hata moja.

Paskazia akabadili lugha. Kwa Kisukuma maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo, hata mlevi hawezi kuyachanganya. Akamuuliza tena, upesi, kwa lugha ya nyumbani: alimpa nini? Na mzee, ambaye pengine hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, akajibu kabla hajawaza. Neno lililomtoka halikuwa lile la ng'ombe wa mahari.

Wakatazamana. Uso wa Mihayo ukabadilika taratibu, akamkagua mgeni wake paji la uso, macho, kidevu. Panga akalihamishia mkono wa kulia.

"Nani anajua umekuja huku?" akauliza kwa sauti ndogo.

Paskazia aliogopa, aliogopa sana. Lakini mwalimu ana kitu kimoja asichonyang'anywa: sauti inayofika dawati la mwisho. Akaipaza.

"Nimempa na mahali, ndiyo bustani yangu!"

Barazani vichwa vikageuka. Elias akainua chupa yake, anacheka.

"Mahari, mama! Tumeshasahihisha!"

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni maonyesho.

Hasira ikampanda Paskazia mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Miaka yote hiyo amemlaani mwanamke huyu. Amemwita malaya mbele ya watu, amekataa hata kumrithisha jina binti yake. Na mwenyewe hakuvuka ziwa wala hakumwacha mtu.

"Mama yangu amezikwa hapa!" akapiga kelele. "Dorotea hakukimbia! Ameuawa, yuko hapa chini! Leteni jembe!"

Makofi yakakatika moja moja. Elias akaiweka chupa chini. Watu wakaanza kushuka ngazi, kwanza polepole, kisha wanakimbia.

Mihayo hakukimbia. Panga likamponyoka. Akawatazama wanavyokuja, kisha akamgeukia Paskazia, akamshika mkono kwa upole, kama baba mdogo anavyomshika mtoto wa kaka yake.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Hapo uliposimama ni kichwani."