Mjomba Alimwarifu Kila Mtu

Mjomba alipochimbiwa kisima nyuma ya nyumba, hakuna kiumbe mwenye masikio aliyekosa habari. Aliliarifu kundi la ukoo kwenye simu, kwa picha nyingi kuliko za harusi yake. Alimwarifu kinyozi. Aliwaarifu hata wakwe zake, ambao huwa hawapokei simu yake ila kwa bahati mbaya. Na siku fundi bomba alipounganisha pampu na mabomba ya ndani, Mjomba alifunga utepe mwekundu kwenye koki ya jikoni, akaukata kwa mkasi wa kucha, huku mimi, mgeni rasmi kwa kukosekana mwingine, nikipiga makofi.

Nilikuwa likizo. Kwenye shule yetu ya bweni mimi ni kiranja wa matangi ya maji, cheo nilichopewa kama adhabu na ambacho nimekitumikia kwa heshima kubwa. Kwa hiyo niliuliza swali la kitaalamu.

"Mjomba, mamlaka ya maji umewaarifu?"

"Niwaarifu nini? Kisima changu, bomba langu, nyumba yangu!"

"Bomba lako limeshikana na la kwao. Shuleni tulipotaka tangi jipya, mkuu wa shule aliwaambia kwanza, wakaja kukagua, ndipo fundi akaruhusiwa kushika spana. Kabla, Mjomba. Si baada."

Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Hamna Shida kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali, alicheka. "Dogo, maji ya mtaani yakikatika unawasha pampu, kisima kinaingia ndani. Yakirudi unazima. Basi."

"Na nini kinachoyazuia ya kisima yasitoke kwenda kwa watu?"

"Hamna shida," alisema fundi, akakusanya vifaa vyake.

Ningeyaacha yapite kama si Mama mdogo. Huyu ni mdogo wake Mjomba; anaishi nyumba ya pili na sebule yake ni chekechea. Nyumba hizo mbili zinapata maji kwa njia moja. Watoto wale hunywa maji ya koki kama ndama, na Jumatatu wangerudi. Maji ya kisima hayakuwa yamepimwa na mtu yeyote. Yalikuwa na rangi ya chai hafifu na harufu ya soksi zangu za mwisho wa muhula.

"Mimi mwenyewe siyanywi," Mjomba alinihakikishia. "Nanunua ya chupa."

Jumamosi asubuhi maji ya mtaani yalikatika, kama ilivyo desturi yake. Mjomba akawasha pampu, uso unamng'aa. Mimi nikaenda kuitazama mita getini. Kishale chake kilikuwa kinazunguka kinyumenyume.

Nilimwita. Alichuchumaa, akaangalia, akashika kifua.

"Inarudi nyuma!"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mpwa wangu, unaiona baraka hiyo? Hata mita imesalimu amri!" Akatoa simu kuliarifu kundi la ukoo.

"Mjomba, ikirudi nyuma maana yake maji yanatoka kwako yanakwenda nje. Unawanywesha watu kisima."

"Umesoma sana wewe. Kapumzike."

Nilipumzika kwa muda wa kufika kabatini, palipokuwa na chupa ya rangi ya kijani ya kupambia keki. Lakini utundu nao una maadili yake. Nilikwenda kwanza kwa Mama mdogo nikamweleza mpango wote. Nilitoa taarifa kabla ya kuanza kazi, kama inavyotakiwa.

Alinisikiliza mikono kiunoni. "Hiyo rangi inaliwa?"

"Ya keki hii."

"Lete." Akaisoma chupa mbele na nyuma. "Haya. Ila koki yangu ikitoa kijani, huyo kaka yangu leo atanitambua."

Tukafunga kwanza koki inayozitenga nyumba zetu mbili na mtaa mzima. Kisha nikaimimina chupa yote kwenye tangi la kisima, pampu inapovutia maji, nikarudi mbio jikoni kwa Mama mdogo. Alifungua koki. Ikakohoa, ikatema hewa, kisha ikatoa maji ya kijani kibichi, mazuri kwa kweli, kama ungekuwa unapaka ukuta.

Mama mdogo alijaza glasi, akavuka nayo uani ameishika mbele kama kombe la ushindi, akaiweka mezani mbele ya Mjomba.

"Kaka, karibu maji."

"Nini hii?"

"Maji yako. Yametoka kwenye koki ya watoto."

Mjomba alinigeukia. "Wewe!"

"Rangi ni yangu, Mjomba," nilisema kwa unyenyekevu wa shahidi mkuu. "Njia ni yako."

"Mtoto ananitilia rangi kisimani, na wewe unamchekea?"

"Usimgeuzie kibao," alisema Mama mdogo. "Rangi nimeiona. Yaliyokuwa yanakuja kabla ya rangi ndiyo sikuyaona. Jumatatu mtoto wa mtu akiharisha, nimwambie nini mama yake? Kwamba kaka yangu alikata utepe?"

Mjomba ana majivuno, lakini hana roho mbaya. Aliitazama ile glasi, akainuka, akaenda kuizima pampu. Aliporudi alikuwa ameshika simu.

"Napenda kuwaarifu rasmi kwamba…" alianza, kwa sauti ya hotuba.

"Mzee, mmeshaunganisha?" mwanamke wa mamlaka ya maji akamkatiza.

"Tumeunganisha, ndiyo nawaarifu."

"Mngetuarifu kabla. Zima pampu, usiguse kingine. Nani mwingine yuko kwenye njia hiyo?"

"Dada yangu. Ana watoto wa chekechea."

"Wasinywe mpaka tupime. Tunakuja leo."

Walikuja kweli. Mkaguzi alimsimamia Hamna Shida akikata kile kiungo, akamweleza kwamba kisima kikitaka kuingia ndani kiwe na mabomba yake peke yake. Fundi alifungua mdomo kusema neno lake, mkaguzi akamtazama, akaufunga. Wakasafisha mabomba yetu na ya mtaa, wakachukua maji ya koki kwenda kuyapima. Siku zote za kungoja majibu, Mjomba aliwabebea watoto maji kutoka mtaa wa juu, ndoo begani, akisalimiana na kila mtu aliyekuwa amemwarifu.

Majibu yalipokuja, yalikuwa safi. Mama mdogo aliwapanga watoto jikoni, vikombe mkononi, akajaza kimoja akampa kaka yake.

"Anza wewe."

"Wamesema ni salama."

"Nimesikia. Anza."

Mjomba alikunywa. Watoto walimtazama koo.

"Yakoje?"

"Ya kawaida."

"Ongeza."

Akanywa cha pili mpaka tone la mwisho. Mama mdogo alimkagua usoni kwa muda, akaridhika, akamsogeza mtoto wa kwanza kwenye koki.