Herufi Chini ya Mfuko

"Soma tena."

"Nimeshasoma mara mbili. Unataka niimbe?"

"Imba ukitaka. Ila soma."

Sauti zilipanda mpaka jirani akapunguza redio yake ili asipitwe. Dereva, ambaye kijiweni wanamwita Gia, alikuwa amekaa kitandani, fulana imekunjwa hadi kifuani, mrija wa tumboni umeshafunikwa kizibo. Mezani kulikuwa na mfuko wa maji aliyotoka kuyatoa tumboni, na chini ya mfuko kipande cha gazeti. Nesi ndiye aliyemfundisha: herufi zikisomeka kupitia maji, uko salama. Zisiposomeka, vijidudu vimeingia, beba mfuko uje nao hospitali siku hiyohiyo.

Nje, lori lilikuwa limeshapakiwa saruji. Safari ya siku tatu.

Mama watoto alisema haendi mtu. Alimwona anatetemeka tangu alfajiri. Gia akasema ni baridi tu, huku jua linachoma dirishani na shuka limelowa jasho.

Ukweli ni kwamba Gia hakuogopa vijidudu. Aliogopa kile kiti. Figo zake zilipogoma alianza na mashine: sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mwingine ikiwa safi. Masaa manne kitini, mara tatu kwa wiki. Sasa hapo utakuwa dereva wa masafa gani? Ukiinuka umekamuliwa kama tambara. Kiti cha pembeni yake alikaa mwalimu mstaafu, mtu wa utani kwelikweli, aliyekuwa akimuuliza kama leo anabadilisha oili au anajaza tangi. Jumatatu moja kile kiti kikawa kitupu. Jumatano alikaa mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo Gia akahamia njia ya pili, ya tumboni. Unaingiza maji ya dawa kwa mrija, yanakaa masaa kadhaa, utando laini wa ndani ya tumbo unachuja uchafu wa damu, unayatoa, unaweka mengine. Mara nne kwa siku, popote, bora pawe safi: mikono imeoshwa, barakoa usoni, feni imezimwa, mlango umefungwa. Akarudi barabarani. Mama watoto ndiye aliyempangia makatoni ya mifuko nyuma ya kiti kila safari, na yeye akabadilisha maji humo humo ndani ya lori, vioo juu. Ila safari iliyopita joto lilimzidi, akashusha kioo. Kidogo tu, upana wa kidole. Vumbi likaingia. Hilo hajamwambia mtu.

Vijidudu vilishampata mara moja, dawa ikavimaliza. Nesi alimwonya kuwa vikirudi, huenda mrija ukatolewa. Na mrija ukitoka, ni kiti.

"Soma, baba watoto," mkewe alisema, safari hii taratibu.

Gia akainamia mfuko. "Daraja lafungwa kwa matengenezo. Madereva watakiwa kupita njia ya zamani. Haya, umeridhika?"

Mama watoto akaunyanyua mfuko. Chini yake palikuwa na ukurasa wa mpira, kipa kalala chali nyavuni. Ukurasa wa daraja, ule Gia aliousoma miezi mitano mpaka ukachakaa pembe, aliutoa mfukoni mwa gauni lake.

"Nimeubadilisha ulipokuwa unanawa."

Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Vidole vya mkewe vilivyoshika upande wa pili havikuonekana.

Gia akavaa shati, kifungo kimoja kikamshinda, akakiacha. Akasema ni siku tatu tu, akirudi atakwenda mwenyewe. Akachukua funguo. Akalitazama katoni la mifuko pale chini, kisha akamtazama mkewe. Mkewe hakujisogeza.

Akalibeba mwenyewe. Lilipogusa tumbo, maumivu yakamkunja, akajifanya anatazama kiatu.

"Yule mwalimu," mama watoto alisema, "kile kiti kilimpa miaka tisa. Lori litakupa mingapi?"

 Gia akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole mpaka ukabana, kama anavyoufunga kila anapotaka kubadilisha maji, upepo usiingie.